Mama Yake Alikula Wapi

Kifurushi kilinifikia hapa Sib, nje ya Maskati, mwezi uliopita. Mjukuu wangu alikwenda kukichukua posta ya Hamriya, akaniwekea mezani, akakimbilia kazini. Ndani mlikuwa na barua fupi ya mwanamke nisiyemjua: mama yake, Bi Ruthi, amefariki kule Marekani, na katika vitu vyake wamekuta kopo la biskuti lililobandikwa karatasi yenye jina langu. Kopo nililijua kabla sijalitoa kwenye karatasi zake. Lile lile, la bati, lina picha ya farasi wawili, mmoja kutu imemla miguu. Nilikaa nalo siku tatu bila kulifungua. Wajukuu zangu wananijua mimi ni mama wa dua na halua, bibi asiyekasirika. Hawajui kuwa lipo kopo la biskuti ninaloogopa kulifungua. Basi leo naeleza. Tulivyofika Maskati mwaka wa sitini na nne sitaeleza, kila nyumba ya watu wa Unguja ina hadithi yake ya vilivyoachwa nyuma, na zote zimenichosha. Naeleza mwaka mmoja tu, wa sabini, nilipokuwa na miaka ishirini na moja, sijaolewa, na majirani wameshaanza kuniita nimedoda.

Tulikuwa watu watatu katika nyumba ya vyumba viwili Matrah: Baba, mimi, na Bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Bibi akiitwa Bi Zafarani. Jina hilo hakupewa na mamake. Alipewa na waliomnunua. Alikuwa Myao, alichukuliwa mtoto huko nchi ya Nyasa, akafikishwa Unguja, na alipokuwa mkubwa babu yangu, Mwarabu, akamfanya suria, yaani mtumwa anayezaa na bwana wake. Akamzaa Baba. Haya hayakuwa siri nyumbani kwetu wala hayakuwa aibu. Yalikuwa yanajulikana tu, kama tulivyojua kisima kiko wapi. Bibi alikuwa mweusi, mfupi, mikono mipana, na pua yake nimeichukua mimi nzima nzima. Chakula cha mchana tulikula sote watatu sinia moja, na Bibi ndiye aliyekuwa akivunja samaki, akanisogezea upande wangu ile nyama ya shavuni. Nikisema, "Bibi, kula na wewe," husema, "Nakula kwa macho." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, na mimi nikidhani ni haki yangu.

Bi Ruthi alikuwa mke wa daktari. Walikodi nyumba ya ghorofa karibu na pwani, na yeye, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alikuwa akiandika kitabu. Alisikia kwa watu kuwa kuna msichana wa Unguja anayesoma Kiingereza, akamwomba Baba nikamsaidie asubuhi kupiga taipu. Baba alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali kwa sharti nirudi kabla ya adhuhuri. Kitabu chenyewe kilinishangaza. Kilihusu wanasiasa wa zamani wa kwao, wale wa mwanzo mwanzo, na swali lake lilikuwa moja: nani kati yao alikuwa na asili ya Kiafrika? Nikamuuliza, kwani hawaonekani? Akacheka. "Wengine wanaonekana. Wengine walikuwa weupe kuliko mimi." Kila mtu alikuwa na kadi yake, na kila kadi iliingia katika kopo moja kati ya makopo matatu ya biskuti. La kwanza aliliandika Ndiyo, la pili Hapana, la tatu Haijulikani. Mimi nikipiga kadi kwa taipu, yeye akizihamisha. Kutwa anahamisha. Leo mtu yuko Ndiyo, kesho imepatikana barua ya zamani, anatolewa, anatiwa Haijulikani, na mwenyewe amelala kaburini hana habari.

Nakumbuka mmoja aliyetuchukua wiki nzima. Alikuwa mwalimu wa mji mdogo wa kaskazini, akachaguliwa kuingia baraza la jimbo lake wakati kusini ya nchi hiyo hiyo watu bado wakiuzwa. Orodha moja ya watu wa mji imemwandika mzungu. Nyengine imeandika familia yake kuwa mchanganyiko. Yeye mwenyewe hakuacha hata neno moja. Bi Ruthi akazunguka na ile kadi chumbani, anaipepea kama kipepeo cha mkaa. "Sasa nimhesabu vipi, Nasra? Kwa damu? Kwa alivyojiita? Kwa watu walivyomwona?" Nikamwambia kwetu hilo si swali, mtoto ni wa baba yake. Akanitazama. "Kwetu sisi bibi mmoja akiwa mweusi, inatosha. Hata akiwa bibi wa bibi." Alilisema kwa masikitiko, nakiri, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa kwao. Lakini wakati anasema hayo, mzee Mubaraka, mtumishi wake, mweusi kama Bibi yangu, alikuwa amekaa kwenye ngazi na sahani yake mapajani, anakula, na sisi wawili tumekaa mezani na chai. Siku ile sikuliona hilo. Nimeliona baada ya miaka, kama mtu anayekumbuka kuwa mlango aliuacha wazi.

Mchana nikawahadithia Baba na Bibi kwenye sinia. Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Ala! Kumbe kwao mama ndiye mwenye nguvu? Mimi hapa mamangu ni huyu, na nasaba yangu naihesabu baba kwa baba mpaka nichoke, hakuna wa kuniondoa." Bibi alikuwa anachambua miiba. Akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Yaani kwenu nyinyi sihesabiwi kabisa, na kwao wao nahesabiwa peke yangu. Sasa mimi nipo wapi?" Baba akasema, "Upo hapa, Mama, unatulisha," na sote tukacheka, na yeye akacheka. Kisha akaniuliza: "Huyo mwalimu wenu aliyechaguliwa. Mama yake alikula wapi?" Nikamwambia sijui, Bibi, vitabu haviandiki hayo. "Basi hao hawajaandika kitu. Mtu akishakuwa mkubwa, wageni wakija, tazama mama yake anakula wapi. Akiwa sinia moja naye, huyo anajijua ni nani. Akiwa jikoni, hata mumpekue makaratasi yake yote, hamtompata." Asubuhi yake nikampa Bi Ruthi maneno yale. Yalimpendeza sana. Akaniambia nipige swali hilo kwenye kadi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na akalitia katika kopo la Haijulikani.

Na siku hiyo hiyo, kwa furaha yake, akafanya mchezo ambao mpaka leo naulaumu, ingawa najua lawama si yake peke yake. Alikaa kwenye mashine, akapiga kadi moja, akanisomea. Jina langu. Jina la baba yangu. Bibi mzaa baba: Mwafrika, mtumwa. Kisha akaitia kopo la Ndiyo, akalipiga kifuniko kwa kiganja. "Kwetu wewe ungekuwa humu," akasema, anatabasamu, anadhani amenipa heshima. Nilikuwa nimepiga kadi zile miezi minne, nikajua kilichowapata waliomo: aliyeondolewa barazani na kura zake anazo, aliyekataliwa mke, aliyezikwa kando. Nikamwomba aitoe. "Mchezo tu, Nasra." "Itoe, tafadhali." Akaitoa, kaona haya, akaitia Haijulikani. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Bibi anakuna nazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamtazama nikaona rangi yake. Mungu anisamehe. Nilikuwa namtazama bibi yangu kwa jicho la kopo la biskuti.

Mwezi wa saba nchi ikapata Sultani mpya, na Matrah nzima ikawa kama imefunguliwa madirisha. Watu wetu wakaanza kurudi, kutoka Dubai, kutoka Kuwait, kila wiki nyuso mpya, na Waarabu wa bara wakishuka mjini kutafuta kazi na nyumba. Katika watu hao wakawemo wa Rustaq, mji wa huko bara, waliokuwa na kijana wao ameajiriwa serikalini. Jirani akanidokeza kuwa nimetajwa. Akanionya pia: "Hao watu wa nasaba, shoga, wanauliza mpaka babu wa saba." Mimi nikasikia moja tu, kwamba wanauliza. Babu hakunitia hofu, babu zangu wote walikuwa sawa. Bibi ndiye aliyeniingia kichwani, akakaa. Ningemuuliza Baba angeniambia, wee mwendawazimu, hao wanahesabu kama tunavyohesabu sisi, mama hayumo. Sikumuuliza. Nilichukua sheria ya makopo ya Bi Ruthi nikaiingiza nyumba ambayo haikuwa na haja nayo.

Desturi ya kule, wanawake wakitaka kumwona msichana, hawapigi hodi siku iliyopangwa. Wanakuja ghafla, asubuhi, wakukute ulivyo. Walikuja watatu, mbele Bi Moza, mama wa kijana, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, kavaa barakoa usoni, ile ya wanawake wa huko, macho makali. Baba yuko sokoni. Niliwakaribisha kwa Kiarabu, nikawakalisha juu ya mkeka mpya. Bibi alikuwa jikoni anapika mikate ya chila. Alisikia sauti, akatoka kama alivyo, kanga ya zamani, unga mpaka viwikoni, uso unacheka wote. Mkubwa wa nyumba anatoka kulaki wageni, ndiyo haki yake. Akanipitia, na njiani, kwa mazoea, akanirudishia mtandio uliokuwa umeniteleza begani. Bi Moza akaniuliza kwa Kiarabu, "Na huyu nani?"

Sikufikiri. Watu husema ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na mfupa na ncha. Nikasema kwa Kiarabu, "Mpishi wetu. Tumetoka naye Unguja." Kisha nikamgeukia Bibi, na kwa Kiswahili, nikiamini wageni hawakijui, nikasema, "Rudi jikoni, utuletee kahawa." Bibi Kiarabu alikuwa anakijua vizuri kuliko mimi. Alisimama kidogo tu. Hakunitazama. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, halafu akainamisha kichwa, akasema "Labeka," neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake, neno la mtumwa kumwitikia bwana wake, na akarudi nyuma nyuma bila kutupa mgongo. Akaleta dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa mkono wa kulia. Alimimina kwa kusimama. Alianza kwa mkubwa, akashuka kwa mdogo, akamaliza kwangu. Hakumwaga hata tone. Alikuwa anaijua kazi ile. Alifundishwa ana miaka kumi, na miaka sabini baadaye mjukuu wake akamrudisha. Wageni wakala tende na halua, wakanawa, wakaondoka. Bi Moza hakusema neno zaidi ya shukrani.

Mchana Baba alipoweka mkono kwenye sinia akauliza, "Mama yuko wapi?" Bibi akajibu kutoka jikoni, "Kuleni. Magoti yananiuma, siwezi kukaa chini mkekani." Baba akasema atamletea kigoda. Akasema hapana, hapa pananitosha. Hakunishtaki. Laiti angenishtaki! Baba angenipiga, ningelia, yangekwisha. Badala yake alinifichia, akala jikoni siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Samaki alikuja sebuleni amekwishachambuliwa, na nyama ya shavuni iko upande wangu kama kawaida, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Siku ya tatu nikachukua sahani yangu nikaingia jikoni nikakaa kando yake. Akanyanyuka. "Nenda kakae sebuleni, Bi Nasra. Watu wa mbele hawali jikoni." Bi Nasra! Mimi nilikuwa naitwa mwanangu, nikiitwa mjukuu wangu, nikiitwa kibibi changu, nikiitwa mjinga we. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe." Akasema, "Nimeshakusamehe," na nikaona ni kweli amesamehe, na kuwa msamaha haukubadilisha kitu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: wamekubali. Mnaona? Nilipata nilichokitaka. Harusi ikawa kabla mwaka haujaisha, na pilau ya harusi ilipikwa na Bibi, masufuria manne, kakataa msaada. Wanawake walipomwita aje akae mbele, karibu na biharusi, wapigapo vigelegele, alisema ana moto wa kuangalia. Nilimwona mara moja tu, mlangoni mwa ua, anafuta jicho kwa ncha ya kanga, na moshi siku ile ulikuwepo kweli, kwa hivyo sikuweza kujua.

Siku ya nane ya ndoa, katika nyumba waliyopanga hapo hapo Matrah, nilikuwa nakata vitunguu na mama mkwe. Tulikuwa wawili tu. Bi Moza akaivua barakoa yake, akaiweka juu ya goti, na akasema na mimi kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, safi, cha kizamani. "Yule mpishi wenu hajambo?" Kisu kilinianguka. Akaendelea, taratibu, hana hasira: "Mamangu alikuwa Myao, Nasra. Aliletwa Rustaq kutoka Unguja na baba yangu. Alinifunza lugha hii kwa kuninong'oneza, maana hakuwa na mwengine wa kusema naye. Kule kwetu hakuna asiyejua mimi ni mtoto wa nani, na hakuna aliyewahi kuninyima kitu. Siku ile nilipomwona bibi yako anakutengenezea mtandio, na pua yenu moja, moyo wangu ulifurahi. Nikasema, hapa nimefika kwetu. Nikakuuliza huyu nani, nipate kumbusu mkono. Ukaniambia mpishi." Nikamuuliza, kwa nini basi ukanichukua? Akatazama vitunguu. "Mwanangu alikwishakupendea sifa zako. Na mimi nilisema, huyu ni mtoto, atajifunza. Bibi yako ni mzee, hatojifunza tena, ndiye niliyemhurumia."

Nilitoka mbio. Biharusi wa siku nane, sijaruhusiwa hata kuonekana njiani, nikajifunika buibui nikapita vichochoro vya Matrah mpaka kwetu. Bibi alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda alicholetewa na Baba, anakula wali mkavu na kipande cha papa. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, kwa pumzi moja: Bi Moza anakijua Kiswahili, alisikia, alijua tangu mwanzo, na mama yake mwenyewe alikuwa Myao kama wewe, Bibi, hakuna lolote, hakukuwa na lolote la kuogopa, toka jikoni, toka tukakae. Nililia, na kusema kweli nilikuwa nimefurahi pia, nikidhani nimemletea zawadi. Bibi alimaliza tonge yake. Akanywa maji. Akaniuliza, "Na ingekuwa mamake si Myao?"

Akaongeza, "Ingekuwa mamake Mwarabu mweupe pe, ningebaki humu?" Akasogeza sahani kando, akasema, "Kwa hivyo ruhusa yangu ya kutoka jikoni nimeipata kwa mamake Moza. Mwambie ahsante. Mimi nimeshapazoea." Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito, unanuka papa, akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akaniambia nirudi kwa mume wangu, si vizuri biharusi kuonekana. Alikula pale mpaka alipokufa, na hata Baba alikufa anaamini ni magoti. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi majuto ni bibi.

Kwa Bi Ruthi sikurudi tena, na kitabu chake sijui kama kilitoka. Jana nimelifungua kopo. Hamna wanasiasa, wale bila shaka amebaki nao mwenyewe. Zimo kadi mbili tu, zimekunjika pembe. Ya kwanza ni yangu, ile ya mchezo, na amenirudishia katika kopo lililofutwa jina, bila ya kuniweka popote. Ya pili ni ya Bibi, na herufi ya a imekaa juu kidogo ya mstari kama ilivyokuwa kwenye mashine ile: Mama yake alikula wapi? Chini yake Bi Ruthi ameacha nafasi ya jibu, tupu, miaka yote hiyo. Mjukuu wangu wa kike, yule anayenishughulikia, alikuwa amesimama nyuma yangu na chai. Akasoma. "Nani huyu, Bibi? Mama yake nani?" Nikamwambia aniletee kalamu. Mkono wangu siku hizi hauandiki vizuri, lakini niliandika, na yeye akainama akasoma kwa sauti, asielewe, kwa sauti ile ile nyepesi wanayosomea majina ya maduka: "Jikoni. Nilimpeleka mimi."